Mama Mkwe Kwenye Usukani

Mji wetu una watu wa aina mbili, wanaoondoka na wanaobaki. Wanaoondoka huelekea asubuhi kwenye jiji kubwa la pwani, lile lenye bandari na majengo marefu, wakarudi giza likianza kuingia, nyuso zimewakunjika kama mashati yao. Wanaobaki ni sisi: wenye maduka, mafundi ujenzi, wazee, wanafunzi na mbwa. Mchana kutwa barabara zinakuwa tupu, pana na nyeupe kwa jua, na nusu ya nyumba za mji zimesimama bila paa, nondo zimechomoza juu zikingoja mwenye nyumba apate nguvu ya kuendelea.

Ni kwa sababu ya utupu huo tuna shule nyingi za udereva. Hakuna mahali pazuri pa kumfundishia mtu gari kama mji ambao wenyewe hawapo. Mimi nilifundishwa na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwanamume tuliyemwita Breki, na mambo mengi ninayoyasimulia hapa nimeyapata kutoka kinywani mwake, maana yeye akiwa ndani ya gari huongea. Nje ya gari neno lake utalipata kwa shida. Mengine nimeyaona mwenyewe kutoka getini kwangu.

Breki alikuwa mtu mkubwa ndani ya gari dogo. Magoti yake yaligusa dashibodi, na mkono mmoja ulikuwa daima nje ya dirisha ukipiga piga mlango. Hakuweza kutulia. Chai aliinywa akiwa amesimama. Siku za mapumziko aliosha gari ambalo alikuwa ameliosha jana yake, na akishamaliza gari aliingia sebuleni kuhamisha makochi, mpaka mkewe akawa anaingia mle kwa kupapasa kama mtu aliyezimikiwa na umeme. "Nyumba yangu mwenyewe," mkewe aliwahi kuniambia, "lakini kila wiki najigonga mahali papya."

Kabla ya kufundisha, Breki alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alipakia kontena bandarini akazipeleka nchi za ndani, akavuka mipaka, akalala kwenye vituo ambavyo majina yake aliyatamka kama mtu anayetaja ndugu zake. Mkewe, ambaye ni nesi katika kituo chetu cha afya, ndiye aliyenunua kiwanja huku, ndiye aliyegombana na mafundi, ndiye aliyeamua madirisha yaangalie upande gani. Breki alikuja akakuta nyumba ina paa. Alikuja tena akakuta ina mtoto anayetembea. Na safari nyingine alikuja, akakaa mezani, akasikia yule binti yake mdogo akimnong'oneza mama yake, "Huyu mgeni anaondoka lini?"

Walicheka wote, na yeye alicheka kuliko wote. Lakini safari iliyofuata, akiwa kwenye foleni ya mpakani, swali lile halikumtoka kichwani. Aliporudi alikabidhi funguo za lori kwa mwajiri, akanunua gari dogo, akaomba kazi ya ualimu katika shule ya udereva ya hapa mjini. Binti yake sasa yuko sekondari na anamwita baba bila kufikiri. Hilo lilikwenda sawa. Miguu yake tu ndiyo haikupata habari kwamba safari imekwisha.

Hali ilikuwa hivyo mama mkwe alipohamia.

Mama huyu alikuwa amefiwa na mumewe, na nesi hakutaka abaki peke yake, akaenda kumchukua. Maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni katika shule ya bweni ya wasichana. Alizoea kengele, vicheko, ndoo kugongana, mtu kuumwa tumbo, mtu kulia kwa sababu ya barua. Huku kwetu alikuta kimya. Alilima bustani ndogo nyuma ya nyumba, akaimaliza. Alitembea kila asubuhi hadi kwenye mzunguko mkubwa wa barabara na kurudi, mpaka mbwa wote wakamjua na kuacha kumbwekea. Siku moja alisimama getini kwangu, mikono kiunoni, akaangalia juu na chini ya mtaa.

"Hebu niambie ukweli," akasema. "Huku watu wanakuja kulala tu, siyo?"

Nikamwambia kwa sehemu kubwa ndivyo.

"Basi mji mzima ni bweni," akasema. "Na halina matroni."

Wiki hiyo hiyo, wakiwa kwenye chai ya asubuhi, aliweka kikombe chini akamwambia mkwe wake, "Baba, nifundishe gari."

Nesi alicheka hadi akapaliwa. "Mama! Uende wapi?"

"Nikishajua kuendesha ndipo nitajua."

Sasa fikiria shida ya yule bwana. Mama mkwe ni mtu ambaye ukiingia sebuleni akiwepo unajiuliza kama shati limechomekwa. Mama mkwe hakaripiwi. Na mwalimu wa udereva asiyekaripia ni hatari barabarani. Masomo yalianza, na sisi majirani tukiwa bustanini tulisikia sauti ya Breki, laini kama ya mhudumu wa hoteli: "Mama, samahani, kama hutajali, toa klachi taratibu. Shikamoo tena, mama, hiyo ni pedali ya mafuta. Naomba, kama inawezekana, tuangalie mbele." Gari liliruka kama chura hadi mwisho wa mtaa, likageuka kwa mateso, likaruka kurudi.

Siku ya nne au ya tano, gari lilikuja upande wangu. Nilikuwa najenga ukuta, na lori lilikuwa limenimwagia mchanga mbele ya geti. Niliona kwanza uso wa mama, umetulia kabisa, halafu uso wa Breki pembeni yake, mdomo umefunguka kama mtu anayetafuta neno la heshima. Heshima ikamwishia kabla hajalipata.

"Wewe! Kanyaga breki! Huoni?" akapiga kelele.

Kishindo kikawa kidogo tu, kama mtu ameangusha gunia. Gari likasimama pua ndani ya mchanga wangu. Injini ikazima. Mimi nilishika koleo bila kupumua. Breki alikuwa ameganda, mikono miwili kichwani, akiona ndoa yake yote ikipita mbele ya macho. Mama mkwe alivuta breki ya mkono kama alivyofundishwa, akatoa funguo, akamgeukia.

"Kumbe una sauti," akasema. "Haya, sasa tunaweza kusoma."

Kuanzia hapo alimfundisha kama alivyonifundisha mimi, yaani kwa kelele. Naye mama akawa anajibu. Waligombana kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa pili, na walirudi nyumbani wote wawili wamechangamka, wakila kwa hamu. Nesi aliniambia hajawahi kumwona mumewe akikaa mezani muda mrefu vile. Alifikiri labda mji umeanza kumwingia.

Haukuwa mji. Breki alikuwa amekutana na Tarumbeta.

Tarumbeta ni rafiki yake wa enzi za malori, jina alilipata kwa sauti yake, ambayo hata akikuambia siri kituo kizima cha mafuta kinaijua. Sasa yeye na kaka yake walikuwa na malori yao wenyewe. Walikutana kwenye kituo cha mafuta cha barabara ya mchepuko, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuingia jijini. Breki alikuwa na tabia ya kupita pale bila sababu, eti kuangalia upepo wa matairi.

"Nina gari jipya," Tarumbeta akamwambia. "Tela jipya, kiti kipya, hakijakaliwa na mtu. Nikiliangalia naona kichwa chako dirishani."

"Mimi ni mwalimu siku hizi."

"Mwalimu wa nini? Wa kuzunguka mzunguko?"

Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Kabla chai haijaisha walikuwa wameshapeana mikono. Safari za mwezi mzima, kurudi siku chache, kuondoka tena. Breki alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alipofika mlangoni mluzi ukakatika, maana aliona viatu vya mkewe vimepangwa karibu na vyake.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, na wa kwanza kulisikia hakuwa mkewe. Kuna kilima nyuma ya tangi la maji la mji, na ndipo tunapojifunzia kuondoa gari mlimani. Ukifika juu unaona upande mmoja mapaa yetu na nondo zetu, upande wa pili, mbali, majengo ya jiji yakiwa ndani ya ukungu wa joto na ukanda mwembamba wa bahari. Mama mkwe alikuwa katikati ya kilima, ameshikilia gari kwa klachi, ulimi nje kwa umakini, Breki alipomwambia.

Gari likarudi nyuma hadi chini.

"Hilo ungeningoja nifike juu," mama akasema. Akavuta breki ya mkono. Walikuwa wanaangalia mbele wote wawili, na Breki aliniambia kwamba asingeweza kumwambia kama wangekuwa wanaangaliana.

"Mwenzako anajua?"

"Bado, mama."

"Mimi siwezi kukukataza kwenda," akasema. "Baba yao, mume wangu, hakwenda popote. Alikaa nyumbani maisha yake yote, kiti kile kile, dirisha lile lile. Lakini hakuwepo. Nilikuwa namwekea chakula mtu ambaye yuko mbali, na sikujua wapi, na hakuwahi kuniambia. Ukitaka kwenda, nenda kwa miguu yako watu wakuone. Ila mwambie leo. Na mwambie kabla ya kula. Wewe ukishashiba unaahirisha."

Jioni ile nesi alikuwa anapiga pasi sare zake. Breki alisimama mlangoni, akaingia, akatoka, akaingia tena.

"Sema tu," nesi akasema bila kuinua kichwa. "Tangu wiki iliyopita unapiga mluzi bafuni."

Akamwambia. Pasi haikusimama. Ilienda na kurudi, ikazunguka kola, ikashuka kwenye mkono wa nguo.

"Hukasiriki?" Breki akauliza.

"Nimekasirika sana. Lakini siyo kwa safari." Akaisimamisha pasi. "Unajua kinachoniuma? Wewe umeuchoka mji huu, kila mtu anajua, makochi yanajua. Mama ameuchoka, ananunuliwa mafuta ya kuzungukia. Mtoto anasema akimaliza shule haonekani hapa tena. Kila mtu nyumba hii anaruhusiwa kuchoka isipokuwa mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angebaki?"

Nesi akakunja sare, akaiweka juu ya zile nyingine. "Nenda safari moja," akasema. "Moja tu. Halafu urudi na neno moja, siyo maneno mawili. Nimechoka na mume ambaye mguu mmoja uko ndani na mwingine uko nje."

Akaenda.

Wiki ya kwanza, aliniambia, alikuwa mfalme. Lori lilikuwa kweli jipya, barabara ilikuwa imetengenezwa, na alipopita vituo vyake vya zamani aliimba. Lakini watu aliowajua hawakuwepo. Mama aliyekuwa akiwapikia madereva alikuwa amehama. Madereva wapya walikaa ndani ya malori yao, kila mmoja na simu yake. Mgongo ulimuuma mahali ambapo hapakuwahi kumuuma. Na jambo lililomshangaza ni kwamba hata barabarani hakutulia. Alifikiri dawa ya miguu yake ni mwendo, kumbe akiwa anakwenda alitaka kufika, na akifika alitaka kuondoka, na katikati ya yote alijikuta anawakaripia madereva wa magari mengine kupitia kioo: "Indiketa, kijana! Angalia kioo chako!"

Siku moja yuko kwenye foleni ya mpakani, jua la mchana limesimama juu ya kichwa, simu ikaita. Mama mkwe.

"Nimefeli," akasema.

"Mtihani? Mama, ulifanya mtihani?"

"Nimefanya na nimefeli, kwenye kurudi nyuma. Huyu mwalimu mwenzako waliyenipa ni mtu mzuri, lakini ananisifu tu. Nikipanda ukingo wa barabara anasema vizuri sana. Nikigonga koni anasema vizuri sana, mama. Sasa askari wa mtihani hakusema vizuri sana."

Breki alicheka peke yake ndani ya lori mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaanza kumweleza: usukani ushikwe hivi, jicho liende kwenye kioo cha kushoto kwanza, usikimbilie, gari halina haraka, haraka ni yako. Alieleza kwa mikono miwili, simu ameibana kwa bega. Honi zilipigwa nyuma yake. Foleni ilikuwa imesogea, mbele yake pamebaki uwanja mtupu mrefu, na hakuwa ameona.

Hapo ndipo alipoamua. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatengeneza maneno yake. Angeingia, angemshika mkewe mkono, angesema: nimebaki. Alipenda jinsi neno hilo lilivyokuwa fupi.

Alifika mchana wa siku ya mapumziko. Nilimwona akishuka na mfuko wake, amekonda kidogo, anatabasamu. Aliingia chumbani akamkuta nesi amefungua sanduku kubwa kitandani, anapanga nguo.

Tabasamu lilikufa. "Unanihama?"

"Nakwenda shule," nesi akasema. "Masomo ya ukunga, kwenye chuo cha hospitali kubwa, jijini. Mwaka na nusu. Zamu za wodini ni za usiku na mchana, siwezi kuwa nakwenda na kurudi, kwa hiyo nitakaa bweni. Nitakuja wikiendi wakiniachia." Akakunja gauni. "Nafasi hii wameshanipa mara mbili nikaikataa. Safari hii nimesema ndiyo. Nilikuwa nikungoje nikuulize, halafu nikakumbuka kwamba wewe hukuniuliza."

Breki alikaa kitandani. Alikuwa na neno lake moja mdomoni na halikuwa na kazi tena. "Nilikuja kutoa kitu kwa hiari yangu," aliniambia baadaye, "nikakuta kimeshachukuliwa."

"Nilikuwa nimeamua kubaki," hatimaye akamwambia mkewe.

Nesi akaliweka gauni chini. Kisha akakaa pembeni yake, bega kwa bega, na sanduku likawa nyuma yao. "Vizuri," akasema. Sauti yake haikuwa ya ushindi. "Kwa sababu mimi naogopa. Nina umri gani wa kukaa darasani na watoto? Nikianguka mtihani?"

"Mama yako ameanguka na hajafa."

Akacheka, akalia, akacheka. Kesho yake aliondoka.

Nisingependa kukudanganya kwamba Breki alibadilika hapo hapo. Alinuna. Mara mbili nilimwona amesimama kwenye kituo cha mafuta cha mchepuko, simu mkononi, jina la Tarumbeta limefunguliwa, kidole hakishuki. Kubaki kwa kupenda na kubaki kwa kulazimika havifanani, ingawa mtu anakuwa amesimama mahali pale pale. Alihamisha makochi. Alipika ugali na maharage mpaka binti yake akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitaja. Wanafunzi walimkimbia kwa ukali wake.

Aliyemtoa ni mama mkwe. Asubuhi moja alitoka, akaingia kwenye gari la kujifunzia lililokuwa mbele ya nyumba, akakaa upande wa dereva, akapiga honi. Akaipiga tena, ndefu, mpaka nikatoka na mimi. Breki akajitokeza dirishani na mswaki mdomoni.

"Nina mtihani Alhamisi," mama akasema kwa sauti ya bwenini, ile inayofika mwisho wa korido. "Kununa utanuna ukiwa umekaa humu. Siti ipo."

Walirudi nyuma siku zile hadi mtaa mzima tukawa tunachungulia. Walirudi nyuma kuzunguka ukuta wangu, walirudi nyuma sokoni, walirudi nyuma kilima cha tangi la maji. Alhamisi mama alifaulu. Askari wa mtihani alimwuliza kwa utani, kwa leseni hiyo anataka kumpeleka nani, wapi, naye akasema, "Wewe mkeo akipata uchungu mchana, ukiwa huku kazini, nani anampeleka?"

Mama hakuwa anatania. Nesi alikuwa ameacha gari lake dogo la kijani, maana chuoni hakuna mahali pa kuliweka. Mama mkwe alilichukua. Akaanza na mjamzito wa nyumba ya tatu, ambaye mumewe hurudi jioni. Akampeleka kliniki, akamrudisha. Halafu mzee mwenye mguu wa kufungwa bandeji. Halafu yule mwalimu wa chekechea mwenye pumu. Sasa wanaobaki mjini wana namba yake, na akipita anainua mkono kwa kila mtu, mwendo wa pole, indiketa imewaka kabla hata hajafikiria kukata kona. Bweni limepata matroni.

Breki bado hatulii. Nikimwambia hivyo ananiambia mimi pia nimejenga ukuta huu mara mbili. Lakini ameanza kujua vitu ambavyo zamani alivikuta vimeshafanyika: maji hukatika siku gani, mwalimu gani wa binti yake ni mkorofi, mlango wa jikoni unabana mvua ikinyesha.

Wikiendi iliyopita nesi alikuja. Nilikuwa kwao kurudisha ngazi. Alikuwa amechoka, macho mekundu kwa kusoma, lakini anazungumza haraka haraka juu ya mtoto aliyemzalisha kwa mikono yake mwenyewe, mwalimu akiwa amesimama tu pembeni. Huku akizungumza alikuwa anafungua kabati, anafunga, anafungua jingine.

"Sukari iko wapi?"

"Pale juu, kulia," Breki akasema. Alikuwa amekaa, kikombe mezani.

"Tangu lini inakaa juu?"

"Muulize mama yako."

Nesi akaishusha, akasimama katikati ya jiko lake na kopo mkononi, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. "Hata vijiko mmehamisha," akasema polepole.

Breki akainuka, akamfungulia droo.

Nje honi ikalia. Mama mkwe alikuwa na mgonjwa wa kumrudisha nyumbani, na gari la kujifunzia lilikuwa limeziba njia. "Baba!" akaita. "Sogeza chombo chako, watu tuna kazi!"

"Nakuja, mama," Breki akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni.